Upana wa Kidole

...na bado meza tatu kabla afisa hajafika meza kuu, fundi cherehani akajibanza ukutani, macho yakiifuata futi mkononi mwa afisa itifaki, yetu thelathini, yao thelathini, anapima huku anaimba kama anahesabu kuku, nani hupima bendera za mezani, jamani, miaka ishirini na miwili anashona wizarani hapa na hajaliona hilo, ila leo waziri wa wenzetu anakuja kutia saini mkataba, vita mwaka wa pili tunapigana nao upande mmoja, na kila kitu lazima kiwe sawa kwa sawa, kiti kwa kiti, glasi kwa glasi, asije mtu akanuna... na ile ya meza kuu, ya kwao, imezidi kwa upana wa kidole, tena si bahati mbaya, aliizidisha mwenyewe kwa mkasi wake, barua ya mwanawe ikiwa pale pembeni ya cherehani, Mama, nilivuja damu mpaka nikaona giza, kitanda cha pili alilala askari wa hawa wenzetu, wakamtoa damu wakanitia mimi, lugha hatuelewani, tunacheka tu, ana meno makubwa huyo, ungempenda... "Fundi, mbona umekauka?" "Nipo, bosi," nipo nini, kazi inaota mbawa hii, atasema kitambaa kimelegea kwa pasi, uongo gani huo, au aseme kweli, kwamba nyumbani kwake mgeni huongezewa, na yule Meno yuko mbali, hata jina lake halijui, angempakulia nini zaidi ya kidole cha kitambaa... thelathini, thelathini, bado meza moja... lakini ngoja kwanza, anayeongezewa ni mgeni, watoto wa nyumba moja hugawiwa sawa, la sivyo watatoana macho, wanawe aliwakatia hata sabuni kwa kipimo, na damu ya Meno si inazunguka ndani ya mwanawe saa hii, sasa mgeni nani hapo, amemkalisha sebuleni kumbe ni mtoto wa jikoni, maskini mwanangu, moyo ukamjaa, akataka kucheka, akataka kulia, mkono ukapanda kwenye ukosi, sindano ilikuwepo, na uzi wake, "Bosi," akasema, na afisa bado ameinama, bado anaimba thelathini, "ile ya meza kuu nipe dakika mbili niikunje, kuna mwanangu nimemfanya mgeni."