Jino la Thelathini na Moja

...na kama uzito wa furaha ya nafsi angeupandisha kutoka mbili hadi mbili na nusu, hisabati tupu ingeshinda tena, aliwaza Kikokotoo, mdomo wazi, taa ya daktari wa meno ikimmulika hadi kooni, maana jana asubuhi takwimu na bima ndiyo iliyoongoza kwa pointi nne, mchana akakumbuka kwenye jedwali lake la kuchagulia mkondo hajaweka safu ya heshima, akaiweka, mambo yakawa sare, jioni akaifuta kwa kuwa ilimwonea mjomba anayemsukumia bima, na sasa jedwali limetoboka kwa ufutio na fomu imo mkobani pale kitini, visanduku vitatu, tia alama kimoja, irudishwe chuoni leo kabla ya saa kumi, na ukishatia umetia, miaka miwili iliyobaki ya digrii ndiyo hiyo... “Panua kidogo, binti,” daktari akasema, “unasaga meno usiku wewe?” Mm, anasaga usiku na mchana, wiki nzima, mpaka dawa iliyoziba gego la chini ikabanduka, mtu mzima aliyepewa jina la Kikokotoo akiwa na miaka sita, siku alipomsahihisha shangazi umri wake mbele ya wageni, leo kisanduku kimoja kinamtoa jasho... “Nesi ananiambia unasoma hisabati, na leo ndiyo siku ya kuchagua,” daktari akaendelea, maana madaktari wa meno hawakuulizi kitu mpaka wahakikishe huwezi kujibu, “mimi hesabu zilinishinda kabisa,” kila mtu humwambia hivyo, kinyozi, askari, fundi bomba, na wote kwa fahari, utadhani walishindwa wakapewa kikombe, na huyu hapa dakika tano zilizopita alikuwa akimhesabia nesi aandike, meno thelathini, na hili moja la nyuma ndiyo kwanza linachomoza... mashine ikalia, mjomba naye akaingia kichwani bila hodi, mpwa wangu, bima, watu hawaachi kufa, na hiyo hisabati tupu hata jina lenyewe limeshakuonya, lakini mhadhiri wa aljebra, mzee yule aliyewahi kutoka katikati ya kipindi kwa kusahau kwamba ndiye anayefundisha, jamani alivyokuwa na amani, je, mtu anaweza kupata amani ile bila kupoteza na miwani kila siku kama yeye... na kisanduku cha tatu, ualimu wa hisabati, hicho hata kwenye jedwali hakukiweka, baba alikwisha sema, baba mwenye miaka ishirini na sita ya kufundisha sekondari na mkono wa shati usioisha chaki, alisema chaki ya mmoja inatosha nyumba hii, akasema kwa utani, kisha akanyamaza muda mrefu kuliko utani unavyohitaji... “Hebu nieleze,” daktari akamwambia mtu mwenye mikono ya watu wawili mdomoni, “hizo hesabu kwani hazijaisha? Kuna nini kipya cha kugundua huko, si mbili na mbili bado ni nne?” Nesi akacheka, akasema hata yeye amejiuliza hivyo tangu shule, na Kikokotoo akamjibu moyoni, haziishi, daktari, na nitakuthibitishia kwa meno yangu mwenyewe, chukua namba tasa, zile zisizogawanyika ila kwa moja na kwa zenyewe, tuseme unashikilia kwamba ziko tatu tu duniani, mbili, tatu, tano, haya zizidishe, thelathini, ndiyo meno uliyohesabu, ongeza hilo linalochomoza, sasa gawa kwa mbili, inabaki moja, kwa tatu, moja, kwa tano, moja vilevile, basi ipo tasa ambayo hukuwa nayo, na ukiniletea orodha ya mia nitakufanyia hivyohivyo... hapana, amekimbia mno, nesi keshaachwa njiani, huyu aliogopeshwa shuleni, asianze na neno tasa, aanze na vile vipamba vya kwenye kisahani, ahesabu thelathini na kimoja, avipange viwili viwili, kimoja kibaki, vitatu vitatu, kimoja, vitano vitano, kimoja tena, kisha anyamaze, asimwambie, amwache aone mwenyewe, aseme “aa”, ile “aa” ndogo waliyokuwa wakiitoa wanafunzi wa baba waliokuja kusomea nyumbani kwenye meza ya chakula, baba chaki imeganda hewani akiisubiri, na yeye mtoto chini ya meza akiwahesabia, siku moja zilifika kumi na moja, na akamwonea baba wivu mpaka akalia... hiyo safu mbona haikuwamo kwenye jedwali, wiki nzima ya kuzidisha na kufuta na “aa” hakuipa hata pointi moja, hofu ikamshika, baba atanyamaza tena, basi na anyamaze, atamngoja kama yeye alivyowangoja wanafunzi, na furaha ikaipita hofu, nyingi, isiyohitaji uzito wowote... “Kwa hiyo umeshaamua, binti?” daktari akauliza, akimpachika pamba ya tatu shavuni. “Mm!” akaitikia, kwa nguvu mpaka nesi akainua kichwa. “Bima,” daktari akamtafsiria nesi, “wenye akili wote siku hizi wanakwenda bima. Tulia sasa, usifunge mdomo, dawa ishike,” na Kikokotoo, ambaye wiki nzima kila mtu alimuuliza akakosa la kusema, akalala pale na jibu lake nyuma ya pamba, akiitazama saa ya ukutani, saa tisa na dakika tano.