Kama Ilivyo Pichani

Viti arobaini vya zahanati mpya vilishushwa Jumanne saa tatu asubuhi, na kila kiti kilikuwa na mtu wake. Watu wenyewe walikuwa nadhifu, nguo zimepigwa pasi, wote wakitabasamu kuelekea kona moja ya ukumbi. Wapakuzi waliwabeba pamoja na viti, wakalalamikia uzito tu.

Sista, muuguzi msimamizi, alivikagua akatia saini. Kisha akampigia simu msanifu wa jengo, ambaye alikabidhiwa pia kazi ya kununua samani na vifaa, eti kwa sababu ana jicho la kutambua kizuri.

"Bwana, viti vimekuja na watu."

"Ndivyo nilivyoagiza, Sista. Kama ilivyo pichani. Kwenye katalogi si walikuwepo?"

"Mimi niliomba mabenchi ya mbao. Sasa wagonjwa wangu wakae wapi?"

"Mabenchi yangeharibu ukumbi," alisema msanifu kwa upole. "Umeona walivyoendana na rangi ya ukuta?"

Kweli waliendana, na hilo ndilo lililomkera Sista zaidi. Aliwabembeleza wainuke, wapi. Aliwapima presha mmoja mmoja. Zahanati haikuwahi kuona presha nzuri kama zile. Mkaguzi alipopita, aliandika kwamba viti vinatosha na wagonjwa wana nyuso za furaha. Wagonjwa wenyewe walisimama ukutani, wazee wakiegemea wajukuu, na baada ya wiki mbili walishazoea kuwaamkia wa kwenye viti.

Ijumaa moja alikuja mama wa mimba ya kwanza, uchungu umemshika. Kitanda cha kujifungulia kilikuwa bado hakijaletwa. Msanifu alikuwa anasubiri kipatikane cha rangi ya maziwa. Sista alimwomba bibi mmoja wa kwenye viti, wa gauni la kijani, ampishe mwenzake. Bibi alitabasamu. Mama alisimama saa nzima, akateremka taratibu kwa ukuta, akajifungulia sakafuni mtoto wa kike mwenye sauti kubwa. Sista alipiga magoti kwenye vigae vya baridi, akamfunga mtoto kwa sweta lake, machozi ya hasira yakimtoka.

Wakati huo huo msanifu aliingia na mpiga picha wa kiwanda cha samani, kwa ajili ya katalogi mpya. Alimpongeza mama kwa dhati. Kisha akamwomba Sista, kwa adabu zote, awasogeze kidogo mama na mtoto, maana walikuwa wanaingia kwenye picha.

Sista akawasogeza.