Inchi Moja ya Mwalimu Lesikar

Mwaka 2002 karakana ya miguu bandia pale Sokon I, Arusha, ilikuwa na kompyuta moja tu, na Pudensiana, karani wake, ndiye peke yake aliyejua kuitumia. Aliyewaachia kompyuta hiyo ni Mzungu mmoja wa kujitolea ambaye mkataba wake ulikwisha akaondoka. Haikuwa na picha wala kipanya. Ilikuwa kioo cheusi chenye herufi nyeupe, na ukitaka kusoma barua pepe ulibonyeza herufi hii, kujibu ukabonyeza ile, na ukikosea ilinyamaza tu kama mtu aliyenuna.

Pudensiana aliizoea. Kilichomshinda ni barua taka. Kila asubuhi modemu ililia, simu ya ofisi ikashikwa dakika arobaini, na katika barua mia na sitini zilizoingia, za kazi zilikuwa nne au tano. Zilizobaki ziliuza dawa za nguvu za kiume na namna ya kuongeza ukubwa wa maumbile, kwa Kiingereza kisichoficha kitu.

Siku moja ya Oktoba wajumbe wa kamati, wachungaji wawili na mama mmoja wa makamo, walisimama nyuma yake wakisubiri barua ya wafadhili. Kioo kikajaa vichwa vya matangazo hayo kutoka juu hadi chini. Walipoondoka, Mzee Abdiel, fundi mkuu, alifunga mlango, akamgeukia Pudensiana.

"Mama Violet, hii mashine inatuvunjia heshima."

"Najua, Mzee. Siyo mimi ninayewaita."

"Basi waambie wasije."

Laiti ingekuwa rahisi hivyo. Pudensiana alitoa kwenye kabati kurasa za maelekezo alizoachiwa na yule Mzungu, akaanza kutengeneza kichujio. Ilibidi aandike kanuni katika faili: barua yenye neno fulani, ipelekwe mahali fulani. Kila kanuni ilitaka nukta na nyota zake, na hakuna kilichokueleza umekosea wapi. Siku ya kwanza alisahau nyota moja, barua zote zikaingia kwenye faili moja lenye jina lisilosomeka, na ilimchukua hadi saa tisa alasiri kulipata. Siku ya pili alirekebisha nyota, na matangazo yote yakapita kama vile hakuna kanuni. Siku ya tatu aligonga meza kwa ngumi hadi kikombe cha chai kikamwagikia maelekezo.

Alikwenda kwa Nasri, aliyekuwa na duka la intaneti karibu na soko kuu. Nasri alipitia kanuni zake moja moja, akamsahihishia.

"Dada Pude, kwanza usitegemee simu itaachiwa mapema. Barua zinachujwa zikishaingia. Pili, usizitupe. Zipeleke kwenye folda ya pembeni, uwe unazipitia."

"Nizipitie? Si ndiyo kazi ninayoikimbia!"

"Zipitie hata mara moja kwa wiki."

Aliitikia, lakini alirudi ofisini na hasira zake zote. Aliketi na matangazo mia moja, akaokota maneno yanayojirudia: mwanaume, urefu, ongeza, inchi. Akaagiza kwamba barua yoyote yenye mawili au zaidi kati ya maneno hayo ifutwe moja kwa moja. Kesho yake zilibaki barua kumi na moja. Mzee Abdiel alimpa mkono. Pudensiana alikwenda nyumbani siku hiyo akiimba.

Mwezi mzima ulipita kwa amani. Kilichoanza kuwasumbua ni ukimya wa Ingrid, mama wa Marekani aliyewatumia magoti bandia kupitia wageni waliokuja Arusha. Mwalimu Lesikar wa Kikatiti, aliyepoteza mguu katika ajali ya basi, alikuwa anasubiri goti lake tangu Agosti. Kila Alhamisi ya pili alipanda gari na magongo yake akaja kuuliza.

"Bado, mwalimu," Pudensiana alimjibu. "Hawajaandika."

"Hao Wazungu wametuchoka," Mzee Abdiel alisema. Lesikar alitikisa kichwa, akageuka kwenda stendi.

Tarehe sita Desemba simu ya ofisi ililia. Alikuwa Ingrid mwenyewe, na sauti yake haikuwa ya salamu. Ameandika mara tatu, alisema. Mbona hawajibu? Vipimo vya mwalimu havikulingana na goti aliloandaa kumtumia, na katika barua hizo aliuliza: je, tumwongezee mwanaume huyu inchi moja ya urefu, au ibaki ilivyo? Amesubiri jibu hadi daktari aliyepaswa kubeba mzigo ameondoka jana. Safari nyingine ni Aprili.

Pudensiana aliomba radhi, akataja kipimo kutoka faili la mwalimu, akarudisha simu mahali pake. Alibaki amekaa. Mwanaume. Ongeza. Inchi. Urefu. Maneno yote manne katika sentensi moja, na mashine ilifanya kama alivyoiagiza. Hakukuwa na folda ya kufungua wala cha kuokota.

"Wamesemaje?" Mzee Abdiel aliuliza.

"Waliandika mara tatu, Mzee. Nilizifuta mimi."

Mzee alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Lesikar tutamwambia mzigo umechelewa."

"Nitamwambia ukweli."

Jumamosi alishuka Kikatiti. Alimkuta Mwalimu Lesikar amekaa nje ya nyumba yake, daftari la maandalio ya masomo pajani. Pudensiana alimweleza yote, bila kulaumu mashine.

"Kwa hiyo barua yangu uliichoma," Lesikar alisema.

"Sikuichoma, mwalimu. Niliiagiza mashine iitupe."

"Tofauti ni nini?"

Pudensiana aliketi chini karibu naye.

"Nilimwahidi mwalimu mkuu kwamba Januari nasimama darasani. Nisiposimama, ananihamishia stoo, nikagawe chaki." Alifunga daftari. "Unajua nimefundisha miaka kumi na tisa?"

"Nipeleke kwake."

"Ukamwambie nini?"

"Hiki nilichokuambia wewe."

Walikwenda, Lesikar mbele kwa magongo. Mwalimu mkuu, mama aliyeitwa Elinami, alisikiliza hadi mwisho, akamwuliza Pudensiana maswali mengi ya ukali, hasa kwa nini mtu ajenge kichujio asichokielewa. Mwisho alikubali kiti kirefu kiwekwe mbele ya darasa la sita, na Lesikar afundishe akiwa amekaa hadi Pasaka. Kurudi njiani Lesikar hakumshukuru. Alimsindikiza hadi barabarani, akamsimamishia gari, ikaishia hapo.

Jumatatu Pudensiana alifuta kanuni zake zote. Alianza upya na orodha ya watu wanaopaswa kupita vyovyote watakavyoandika, wa kwanza akiwa Ingrid. Zilizobaki zenye mashaka zilikwenda pembeni, na kila asubuhi alizipitia moja moja, tangazo hadi tangazo, akiuma meno. Hakuzoea. Kuna siku alitamani kuitupa kompyuta mtoni Themi.

Aprili mzigo ulifika. Mzee Abdiel alifanya kazi siku tatu, na Lesikar akasimama kati ya vyuma viwili vya mazoezi, akapiga hatua sita, akapumzika, akapiga nyingine. Urefu ulikuwa sawasawa. Alipomaliza aliingia ofisini, akaomba kuiona ile barua.

Ingrid alikuwa amewatumia nakala. Pudensiana aliifungua kwenye kioo cheusi, akampisha kiti. Lesikar aliisoma mara mbili, polepole, kidole kikifuata mistari.

"Mbona ni barua ya adabu kabisa," alisema.

Akanyanyuka, akashika fremu ya mlango, akatoka kwenda kwa Mzee Abdiel kufundishwa kupanda ngazi.