Udongo Mweupe wa Kilimani

Mama mwenzangu unayehamia mji mgeni, kabla hujauliza soko liko wapi, uliza ule mji ulikuwa unafanya kazi gani zamani. Mimi niliuliza uzuri tu.

Tulihamia hapa mume wangu alipopata kazi ya ufundi kwenye mashine ya kusaga unga. Tukapanga chumba kimoja, kuta zimebanduka, rangi yake huijui. Mtoto wetu wa pekee alikuwa na miaka sita, tukimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Hata usingizini alibishana na watu.

Jumapili ya kwanza tukamwomba kinyozi wa jirani atutembeze. Ni mzaliwa wa hapa, mikono inamtetemeka, na wateja humtania wakiwa papo hapo kwenye kiti.

"Twendeni," alisema. "Anayekaa mji asioujua ni kama kipofu aliyeoa, atasifia asichokiona."

Akatuonyesha daraja la chuma. Akatuonyesha stesheni, majani yameota relini. "Stesheni tunayo," akasema, "treni ndiyo haijaambiwa." Tukacheka mpaka tukafika kilimani.

Ee mama, kile kilima! Cheupe pee, jua likipiga kinameremeta, na bibi harusi amesimama juu anapigwa picha.

"Mama, ni sukari?" Chiriku akauliza.

"Sukari ya wazee hiyo," kinyozi akamjibu. "Usilambe."

Mume wangu akaonyesha lile bomba refu la moshi pembeni. "Na kiwanda hiki kilikuwa cha nini?"

"Cha vyuma vyuma. Kilifungwa zamani. Haya, twendeni nikawaonyeshe uwanja wa mpira."

Tukaenda kuangalia uwanja wa mpira.

Kwetu nilikozaliwa, nyumba hukandikwa udongo mweupe, na mwanamke husifiwa kwa ukuta wake. Jumatatu nikarudi kilimani na beseni. Udongo laini kama unga wa sembe! Nikapita nao kichwani mtaa mzima, nikisalimia kila mlango. "Kazi njema, mgeni!" Hakuna aliyeniambia tua. Nilipomaliza kukandika, mama mwenye nyumba akaja kuangalia ukuta, akasema, "Umenipambia nyumba, mwanangu."

Kitanda cha Chiriku kilikuwa kimeegemea ukuta ule. Alikuwa akilowesha kidole kwa mate, anachora kuku, kisha kidole kinarudi mdomoni. Nilimkataza kwa sababu ya uchafu. Akasema, "Mbona una utamu?"

Baadaye tumbo likaanza kumsokota. Nikampa dawa ya minyoo. Kisha maneno yakaanza kumpotea. Kijiko kikawa "kile", mlango ukawa "kile", anaanza kusema anaishia katikati. Mume wangu akatania, "Amekua huyo, acha masikio yapumzike." Na mimi nikacheka.

Mwalimu wake wa darasa la kwanza ndiye aliyeniita. "Mama, huyu anauangalia ubao kama mtu anayeangalia mvua."

Hospitali wakamtoa damu, wakaipeleka kupimwa mbali. Majibu yaliporudi daktari aliuliza tunakaa wapi na nyumba imepakwa nini. Nilipomwambia, akavua miwani. Kile kiwanda, akasema, kilikuwa kinayeyusha betri za magari kupata madini ya risasi, na kilima ni takataka zake. Ni sumu.

"Lakini watu wanapigwa picha pale, daktari."

"Wanapiga picha wanaondoka, mama. Wewe ulikipeleka nyumbani, mtoto akalala nacho."

Sikusubiri aendelee kusema. Nilikimbia nyumbani, nikashika panga, nikaukwangua ule ukuta mkavu mkavu, mlango nimeufunga kwa aibu ya majirani. Chiriku yuko nyuma yangu na ufagio, ananisaidia. Vumbi likajaa chumba kama tuko mashineni kwa baba yake. Kumbe hukwanguliwa ukiwa umeloweshwa, na mtoto akiwa mbali. Damu ilipopimwa tena, sumu ilikuwa imezidi ile ya kwanza.

"Dawa itatoa iliyomo kwenye damu," daktari akasema. "Kilichoharibika kichwani hakirudi."

Nikamwendea kinyozi. "Ulijua!"

Akaweka mkasi chini. "Nilijua. Niliyeyusha pale miaka kumi na mmoja. Hii mikono unadhani inatetemeka kwa baridi? Lakini mgeni ukimwambia, anahama. Wageni wakihama, sisi tutamnyoa nani?"

Tulihama chumba tu, hatukuhama mji, kwa kuwa kazi ya mume wangu ndiyo hiyo moja.

Juzi, nikipita na Chiriku, nimekuta kile chumba chetu cha zamani kimepata mpangaji, mama kijana, mjamzito. Nikamweleza yote, hatua kwa hatua. Mama mwenye nyumba akatokea na ufagio wake. "Achana naye, mwanangu. Mtoto wake alizaliwa hivyo hivyo."

Yule mama kijana akatuangalia sote wawili. Kisha akainama, akamshika Chiriku kidevu kwa upole, apate kujua nani mkweli.

"Mrembo, unasoma darasa la ngapi?"

Chiriku akageuka, akaniangalia mdomo, akingoja.

"La kwanza," nikasema mimi. Ni mwaka wake wa tatu humo.

"Umeona?" mama mwenye nyumba akasema, akaendelea kufagia.