Makohozi Safi, Kifua Kigonjwa

Muriithi alizikwa Jumanne, na Jumatano asubuhi Watiri akaitoa rejista ya TB kabatini kabla hata hajafungua dirisha. Alikuwa muuguzi wa zahanati ile ya Naro Moru kwa miaka tisa, wala hakuwa mtu wa kulia ovyo. Alilitafuta jina la marehemu. Dawa za TB miezi minane, mwaka wa 1994. Miezi minane tena, 1995. Makohozi yake yalikuwa yamepimwa mara sita, na mara zote sita hayakuonyesha kitu. Alipoanza kutema damu ndipo alipopelekwa Nyeri kupigwa picha ya kifua, na daktari wa huko akasema ni kansa ya mapafu, tena imeshaenea.

Mwandiko ndani ya rejista ulikuwa wa Watiri mwenyewe.

Akarudi kurasa za nyuma. Akapata wengine wanne waliofanana naye: wanaume wa makamo, wavutaji wa kiraiko, ile tumbaku kali ya kusokotwa. Makohozi safi, dawa juu ya dawa. Wawili walikuwa wamekufa. Aliifunga rejista, akaenda kuitisha mkutano.

Ijumaa wahudumu wa afya wa vijijini wakakusanyika nyuma ya zahanati, kumi na wanne. Hawa ndio waliobisha milango ya watu, wakapeleka dawa, wakajua nani anakohoa na nani anaficha. Aliyesifika zaidi kati yao alikuwa Jamleck, mtu wa Meru aliyeoa huku, aliyewapikia wapanda mlima miaka ishirini, kiraiko mdomoni. Hakuna mgonjwa wake wa TB aliyewahi kukosa dawa hata siku moja.

"Mtu akikohoa wiki tatu mnamleta apimwe TB," Watiri aliwaambia. "Endeleeni hivyo hivyo. Lakini makohozi yakiwa safi, naye amevuta sigara miaka mingi na anakonda, msimwache arudi nyumbani na chupa ya dawa ya kikohozi. Aende Nyeri akapigwe picha. Asingoje damu."

Jamleck akacheka. "Ati kansa? Sista, hiyo ni ugonjwa ya wazungu. Nimewapikia, nawajua. Hapa kwetu ni baridi na TB, basi."

Wenzake wakacheka naye. Kisha kicheko chake kikageuka kikohozi, na kikohozi kikakataa kukoma. Akashika nguzo ya mlango. Watiri alisubiri, akamtazama koti lilivyompwaya mabegani. Jamleck alipopata pumzi, hakuna aliyekuwa akicheka tena.

"Baba Kiambi," Watiri akamwita kwa jina la mwanawe, "umekohoa tangu lini?"

"Ah, hii ni moshi ya jikoni tu."

"Sijauliza ni ya nini. Nimeuliza tangu lini."

"Tangu tupande viazi."

"Viazi tumevuna, tumekula, tumemaliza!" akadakia Waithira, mhudumu mwenzake.

Watu walipotawanyika, Jamleck alibaki nyuma. "Nilipimwa, Sista," akasema kwa sauti ya chini. "Mara mbili, kwa zahanati ingine, watu wasinione. Iko safi."

"Hiyo ndiyo inanitia wasiwasi."

"Na wakisema ni kansa? Niko na watoto wawili shule. Afadhali nisijue."

"Muriithi hakujua. Kutojua kulimfaa nini?"

Jamleck akaketi kwenye kizingiti. Watiri akaandika barua papo hapo, wiki za kikohozi, miaka ya tumbaku, vipimo viwili visivyoonyesha kitu, kilo alizopungua. Jumatatu, siku yake ya mapumziko, aliandamana na Jamleck na mkewe Karambu mpaka Nyeri. Picha ilionyesha doa kwenye pafu la kulia, kama yai la njiwa. Daktari aliisoma barua mara mbili.

"Nani alikufundisha kuandika hivi?"

"Mgonjwa niliyemzika," Watiri akajibu.

Kutoka hapo Jamleck alipelekwa Nairobi. Walimpima tena, wakathibitisha ni kansa, na kwa kuwa haikuwa imeenea wakampasua na kuondoa sehemu ya pafu. Karambu alikaa naye wiki sita. Jamleck aliporudi alitembea polepole, akisimama kila baada ya hatua chache, lakini mkutano wa Septemba hakuukosa. Alifungua shati, akawaonyesha kovu lililozunguka ubavu mzima.

"Nani alicheka na mimi ile siku? Kuja uone."

Tangu hapo wavutaji wabishi walikuwa wake kuwashawishi. Kufikia mwisho wa mwaka uliofuata zahanati ilikuwa imetuma watu wengine kumi na tisa kupigwa picha. Wengi walikutwa na TB iliyojificha, au pumu, au makovu ya zamani. Watatu walikuwa na kansa. Mmoja alipasuliwa akapona. Wawili walikuwa wamechelewa, na Jamleck aliwapelekea dawa za maumivu nyumbani kila wiki, akakaa nao mpaka chai ikapoa.

Habari zikafika zahanati ya Mweiga, nao wakamwita Watiri aje awafundishe wahudumu wao. Alisema saa nzima bila kutazama karatasi. Alipomaliza, mama mmoja akanyoosha mkono.

"Na mgonjwa akikataa kabisa kwenda, Sista?"

Watiri akatabasamu. "Nipe jina lake. Alhamisi nitawaletea Jamleck."