Sitoki Molo

Binti yangu Sue alinipima mwendo bila kuniambia. Nilikuwa natoka kwa geti nikielekea zizi la ng'ombe, yeye amesimama mlangoni pa zizi na simu mkononi, nikadhani anapiga picha. Nilipofika akaniambia, "Mami, sekunde arubaini. Mwaka jana ulikuwa unafika mara moja." Nikamuuliza kama kuna zawadi.

Sue anaishi Nakuru, mtaa wa Bondeni, anauza nguo za watoto, na huja Molo kila mwisho wa mwezi kuniona. Alikuwa amesikia mahali kwamba mzee akianza kutembea polepole, na yeye mwenyewe analalamika kuwa anasahau, hayo mawili yakikutana ni dalili ya mapema ya ugonjwa wa kusahau, ule unaokula akili. Na mimi, kwa mdomo wangu huu, nilikuwa nimemlalamikia kwa simu. Nilimwambia siku hizi majina ya watu yanakataa kuja, na kwamba naweza kuingia jikoni nisijue nimefuata nini. Nilijichongea mwenyewe.

"Utakuja tukae Nakuru," akasema. "Shamba tutakodishia mtu."

"Sitoki hapa. Nina miaka sitini na tisa, mimi si gunia la kupakiwa kwa lori."

Mnielewe. Mimi hukuza waru za mbegu, yaani viazi vya kupanda. Waru zikitoa maua, napita laini kwa laini na vijiti kwapani, na kila shina lenye afya nalichomekea kijiti. Siku ya kuvuna, mashina yenye vijiti yanachimbwa kwanza, na waru zake ndizo mbegu za msimu ujao. Akina mama kumi na wanne wa kikundi chetu hupanda mbegu yangu pekee. Kazi hiyo haina haraka. Anayeikimbia anapita mbele ya shina gonjwa akidhani ni zima. Kwa hivyo mtu akinipimia mwendo kwa simu, damu inanichemka.

Sue akarudi Nakuru amenuna, mimi nikabaki nimenuna pia.

Wiki mbili baadaye, asubuhi na baridi yake, niliingia shambani na jembe. Nikaona vijiti. Zamani, marehemu mume wangu Kiarie alipokuwa hai, tulikuwa tunachomeka vijiti kwa mashina yenye ugonjwa wa mnyauko, ili ayang'oe akayazike mbali. Hiyo ndiyo iliyonijia kichwani, na ilikuja wazi kabisa, sikuwa na shaka yoyote. Nikaanza kung'oa. Nilifanya kazi kwa roho safi, hata nilikuwa naimba.

"Mama Sue." Alikuwa Chesang, jirani yangu, amesimama upande wa pili wa ua. "Hizo si ndizo za mbegu?"

Nikaangalia chini. Laini tatu nilikuwa nimeshazimaliza. Mashina bora kuliko yote niliyokuwa nayo yalikuwa yamelala mizizi juu, na waru ndogo ndogo zimening'inia, hata kwa sufuria hazifai. Nikakaa kwa udongo. Niliogopa. Sijawahi kuogopa hivyo, hata siku Kiarie alipokufa, kwa sababu siku hiyo nilijua ni nini kimetokea.

Chesang akapenya kwa ua, akaja akakaa kando yangu. "Tutasema ni nungunungu," akasema. "Wamekuwa wakisumbua huku kila shamba. Nani atajua?"

Alisema kwa upendo, na haki ya Mungu nilikaribia kukubali. Sue hangejua, kikundi hakingejua. Lakini nikajiuliza, msimu ujao nikikosea tena, nichague mbegu yenye mnyauko, niwape akina mama kumi na wanne wakapande, hiyo nayo nitasema ni nungunungu? Ugonjwa huo ukiingia kwa shamba lako hautoki leo wala kesho. Nikamwambia Chesang anipigie Sue. Sue aliposhika simu, nikasema yote mwenyewe.

Sue alikuja siku hiyo hiyo, na kesho yake akanipeleka kliniki moja Nakuru. Daktari, kijana mpole, alinitembeza kwa korido akihesabu sekunde. Akanipa maneno matano nikumbuke, nikakumbuka matatu. Halafu akamgeukia Sue. "Anakula vizuri? Usiku analala?"

"Daktari," nikasema, "mimi niko hapa. Niulize mimi."

Sitamsingizia, aliomba msamaha, na kuanzia hapo akaongea na mimi. Alisema mwendo wangu na malalamiko yangu ni onyo, lakini hakuna anayeweza kusema leo itakuwaje. Kuna wanaozidiwa, na kuna wanaokaa hivyo miaka. Atapima damu, presha, macho na masikio, kwa sababu hayo pia huchanganya mtu. Nitembee kila siku, nisikae peke yangu, nirudi baada ya miezi sita.

Tulipofika nyumbani, Sue aliingia chumbani moja kwa moja, akaanza kupakia nguo zangu kwa begi. "Umemsikia daktari. Usikae peke yako."

"Nimemsikia. Hakusema Nakuru." Nikaketi kitandani juu ya sweta alizokuwa amekunja. "Nimeongea na Chesang, atakuwa anakuja hapa kila siku. Kuanzia sasa hakuna kijiti kitakachochomekwa au kung'olewa nikiwa peke yangu. Jumapili baada ya kanisa nitaambia kikundi nilichofanya, na sitaki mtu aniambie pole. Nataka wanipe watu wawili wapite na mimi laini kwa laini, wajifunze kuchagua. Ninachojua, wakichukue kabla hakijapotea. Huko kwako nitamfundisha nani? Nitakaa kwa kiti niangalie ukuta, na hiyo akili kidogo iliyobaki iishe kwa kukosa kazi."

Akaacha kukunja. "Na siku utanisahau mimi?"

Swali hilo lilinichoma, kwa sababu nilikuwa nimejiuliza hilo hilo tangu siku ya vijiti.

"Siku hiyo mimi sitajua. Ni wewe utajua, na pole sana, mtoto wangu. Ndiyo maana nakwambia leo, nikiwa bado mimi. Niache hapa mpaka siku nitakapokuwa sijui hapa ni wapi. Siku hiyo nichukue. Nikikataa, nichukue. Nikikutukana, nichukue."

"Na utanitukana kweli," akasema. Alikuwa analia na kucheka.

"Nitakutukana vibaya. Kwa hivyo toa simu, andika maneno haya, uweke na tarehe. Wakati ukifika nitabisha, na nitakuwa na uhakika kwamba sikuyasema."

Akaketi kando yangu, akaandika. Nikamwambia anisomee. Alikuwa ameanza na maneno "Mami amekubali".

"Futa hapo," nikamwambia. "Andika Mami ameamua."

Akafuta, akaandika.