Wageni wa Ghorofa ya Tisa

Ndege wa kwanza aliingia Jumatatu saa nne asubuhi, kwa mlango wa kioo wa jengo moja la Dubai Marina, mabawa yamekaukiwa na chumvi. Lawrence, mlinzi wa mapokezi, alimsimamisha. Kwake hapiti mtu bila kuandikwa; kazi hii aliianzia Nakuru, kwa bosi aliyemwandikisha hata askofu.

"Unatoka wapi?"

Ndege alimtazama kwa jicho moja, akainua mguu. Lawrence akanakili kwenye kitabu cha wageni kilichoandikwa kwenye pete ya mguu huo. Jina: F-417. Atokako: Aktiki. Anamwona: Dakta Mwanatumu, ghorofa ya tisa. Akamwitia lifti.

Kufika Alhamisi walikuwa thelathini na mmoja. Kila mmoja alitaga yai juu ya meza ya Dakta Mwanatumu, aliyekuwa amewafuata barafuni miaka sita akichunguza uchafuzi. Aliyapima yote. Yalikuwa na sumu moja, ya rangi za meli, kutoka kiwanda cha tajiri yuleyule aliyegharamia utafiti.

"Watasema nimeyanunua sokoni Deira," alimwambia Lawrence. "Shahidi wangu ni hicho kitabu chako. Usimpe mtu, nakuomba."

"Sawa, Daktari."

Kesho yake Lawrence alikuta kamera ya mapokezi imegeuzwa, inamtazama yeye badala ya mlango. Kisha meneja, Bwana Hashir, ambaye hata salamu yake ilikuwa adimu, akamletea kahawa. Lawrence hakuigusa. Hashir akamuuliza viza yake inaisha lini, ingawa Hashir mwenyewe alilijua jibu.

"Huu ukurasa uandike upya," alisema kwa upole. "Wale ni watu wa usafi."

"Sir, wale ni ndege."

"Ndege wa usafi. Khalas, yameisha. Yalla, andika haraka."

Lawrence aliandika.

Ripoti ya utafiti ilitoka mwezi uliofuata bila jina la Dakta Mwanatumu. Ilisema Aktiki ni safi. Siku hiyohiyo Daktari alishuka na sanduku lake, akasimama mbele ya meza.

"Niandikie muda wa kutoka," alisema.

Ndege bado wanakuja. Lawrence huwauliza watokako, huandika "usafi", huwaitia lifti. Ghorofa ya tisa imezimwa taa, na katika safu ya muda wa kutoka, tangu Daktari aondoke, hajamwandika hata ndege mmoja.